Kaka anasema laptop, mume anasema ya mezani

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mpiga picha, naishi Mwanakwerekwe, Unguja. Kazi yangu kubwa ni shughuli za wanawake: hina, singo, maulidi ya kike, na ukumbini upande wa biharusi. Huko mpiga picha wa kiume haingii, kwa hiyo alhamdulillahi kazi sikosi, hasa mfunguo mosi na mfunguo pili, nikawa sipati hata siku ya kufua.

Tatizo ni laptop yangu. Ni ya zamani, i5 ya kizazi cha sita, RAM GB 8, na diski ni ile ya kuzunguka. Harusi moja huja na picha kama 1,500, nazipiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, na kamera ni ya megapikseli 24. Nikigusa kitelezi cha mwanga kwenye Lightroom, programu ninayohaririia picha, picha inabadilika nimeshakata tamaa. Albamu ya wiki moja inanichukua mwezi, na biharusi anapiga simu kila siku.

Nimepokea mchezo wangu wa upatu, nikiongeza na akiba nina sh. 2,300,000. Kaka yangu anauza vifaa vya umeme Darajani. Anasema nichukue laptop ya gemu, used, yenye kadi ya picha ya GTX 1650, RAM GB 8 na kioo cha hezi 144, kwa sh. 2,100,000. Hii yangu ataichukua kwa laki mbili iwe sehemu ya malipo. Kwa maneno yake, kompyuta ya mezani ni ya maofisini, msanii hutembea na laptop. Mume wangu anasema kinyume chake: nichukue ya mezani, nitapata kioo kikubwa, ikiharibika fundi yeyote anaifungua. Nami najiuliza anasema hivyo kwa ajili ya picha au kwa ajili nisitoke.

Nina mashaka mengine mawili. Kwanza umeme, kwetu unakatika bila ya taarifa. Pili, wateja wangu wananiachia picha ambazo hazitakiwi kuonwa na mwanamme asiye maharimu wao. Laptop naipanda nayo daladala. Ya mezani itakaa sebuleni, ambako watoto wa wifi yangu huja kucheza. Sijui ipi ina siri zaidi.

Na mwaka jana kuna albamu ilirudi kutoka maabara, hina imetoka nyekundu ya kutisha na mabuibui meusi yametoka kijivu. Mteja alinilipa, lakini uso wake niliuona. Sijui kama hilo nalo ni la kompyuta.

Mama Kamera, Mwanakwerekwe


Marahaba mwanangu,

Nianze na hayo mabuibui ya kijivu. Umeyaweka mwisho wa barua kama jambo dogo, kaka yako hakuyagusa, mume wako hakuyagusa, na mimi naona ndiyo yenye jawabu.

Usiilaumu maabara haraka. Kwenye kioo dhaifu weusi wote ni mmoja. Buibui, mikunjo yake, nakshi za uzi mweusi kwenye mkono, vyote vinaonekana bonge la giza. Wewe unadhani picha imezama, unavuta vivuli juu mpaka nakshi zijitokeze. Faili sasa lina kijivu ambacho kioo chako hakina uwezo wa kukionyesha, na karatasi inakionyesha chote. Hina ni hivyo hivyo. Kioo kisichofika kwenye wekundu mzito kinakupa rangi iliyopauka, unaikoleza, unaikoleza tena, ikichapwa inatoka kama jeraha.

Jaribu usiku huu. Fungua moja ya picha hizo, kaa mbele yake sawasawa, halafu inamisha kioo nyuma polepole. Ikiwa weusi unageuka kijivu na uso wa biharusi unabadilika rangi kila unaposogeza, kioo chako ni cha aina ya TN, na umekuwa ukihariri rangi zinazotegemea umekaaje kwenye kiti. Unachokitaka wewe kinaitwa IPS, ambacho rangi zake zinabaki zilipo hata ukisogea pembeni.

Na laptop ya kaka yako? Mwambie akuonyeshe sifa za kioo, si za kadi. Zikisema asilimia 45 ya NTSC, iache hapo hapo. Kipimo hicho maana yake ni kuwa kioo kinafikia chini kidogo ya theluthi mbili ya rangi za sRGB, na sRGB ndiyo lugha ya simu za wateja wako na ya mashine nyingi za kuchapia. Asilimia 72 ya NTSC ndiyo inayokaribia sRGB nzima. Laptop za gemu za bei nafuu nyingi zina hiyo 45, kwa sababu mnunuzi wake anatafuta kasi. Hizo hezi 144 ni za mtu anayekimbiza adui kwenye gemu. Biharusi aliyetiwa hina hakimbii.

Kwa hiyo jawabu langu ni kompyuta ya mezani. Mume wako amepatia. Kama amepatia kwa nia njema au kwa nia ya kukufungia ndani, hilo mtalizungumza wenyewe, lakini kazi yako ya kutoka inafanywa na kamera, na kamera hakuna anayeifunga mezani.

Sababu ya pesa ni rahisi. Kwenye laptop unalipia betri, kibodi, bawaba na ule ufundi wa kubana kila kitu ndani ya unene wa kidole, na joto lake unalilipia tena baadaye. Prosesa ya laptop nyembamba, ile yenye herufi U mwisho wa jina, kwa kawaida hupangiwa wati 15. Ukianza kutoa picha 600 kwa mpigo inapata moto, inajipunguza kasi, feni inalia. Sanduku la mezani lina nafasi ya kupumua, na linaendelea kwa kasi ile ile mpaka picha ya mwisho.

Nunua monita kwanza. Ndiyo, kabla ya kompyuta. Tenga kama robo ya fedha zako kwa monita mpya ya IPS ya inchi 24 ambayo karatasi yake inataja sRGB asilimia 99 au karibu na hapo. Nenda dukani na flashi yenye picha tatu zako: ya buibui, ya hina, na ya dhahabu chini ya taa za ukumbi. Muuzaji akikataa kuzifungua, duka lipo jingine Mlandege. Ukifika nayo nyumbani, punguza mwangaza. Madukani huwekwa juu kabisa ili zivutie, nawe ukihariri hivyo, kila kitu kitachapwa cheusi. Kwenye menyu yake chagua sRGB, kisha chapa picha moja ndogo ya inchi nne kwa sita, iweke pembeni ya kioo mchana karibu na dirisha, na ushushe mwangaza mpaka viwili hivyo vifanane. Kifaa cha kupimia rangi kipo na ni kizuri, lakini si cha mchezo huu, ni cha mchezo ujao.

Sasa sanduku. Kuna kompyuta za maofisi zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai, imara, na bei yake ina adabu. Humo ndimo utakamochagua, lakini fungua macho kwa mambo mawili. La kwanza ni kizazi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu. Angalia tarakimu baada ya mstari: i5-8500 ni ya nane, i7-4770 ni ya nne. Muuzaji atakusifia hiyo i7 kwa kuwa saba ni kubwa kuliko tano. Hiyo i5-8500 ina viini sita, i7-4770 ina vinne, na ni ya zamani kwa miaka kama mitano. Usibabaike.

La pili ni ukubwa. Kuna vile visanduku vyembamba vinavyolala chini ya monita, vizuri kwa macho, na kuna lile la kusimama, pana. Chukua la kusimama. Ndani yake utaweza kuongeza RAM, diski ya pili, na siku moja kadi ya picha. RAM iwe GB 16 tangu siku ya kwanza. Diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, ya GB 512 kwa ajili ya Windows, Lightroom na harusi mbili tatu unazozifanyia kazi, halafu diski ya kuzunguka ya TB 2 kwa ghala. Faili moja la RAW la megapikseli 24 huwa kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo harusi yako ya picha 1,500 ni GB 40 na kidogo. TB 2 zinachukua harusi arubaini na kitu.

Kadi ya picha isubiri. Najua kaka yako ameipigia debe GTX 1650 kama ndiyo roho ya kazi. Katika Lightroom, kuchagua picha, kusahihisha mwanga na kutoa faili, prosesa, RAM na SSD vinakubeba vizuri. Kadi utaijua faida yake kwenye kazi moja: kusafisha chenga kwa akili bandia, ile Denoise waliyoiingiza mwaka 2023. Ukipiga ukumbini kwa ISO 6400, taa zimezimwa kwa rusha roho, utaitamani. Bila ya kadi itakula dakika kadhaa kwa picha moja. Basi ifanyie zile ishirini za albamu tu, ukiwa unakula, wala si zote 1,500. Mchezo ukirudi kwako, tafuta RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70 na huchomekwa bila ya waya wa ziada wa umeme, kwa hiyo sanduku la ofisi linaiweza. Kwenye laptop hakuna kitu kama hicho. Utakachonunua leo ndicho utakachozikwa nacho.

Umeme. Hapa laptop inashinda, sibishi. Lakini tusidanganyane kuhusu ushindi wenyewe: laptop ya gemu ikifanya kazi nzito kwa betri haifiki mbali, na wengi wetu tuliokuwepo Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila ya umeme kutoka bara, tunajua kuwa kuna giza ambalo betri haina lake. Kwa mkato wa kawaida nunua UPS, sanduku la betri la kushikilia umeme ukikatika, ya VA 1000. Hiyo hubeba kama wati 600, nawe utatumia 150 hivi pamoja na monita. Inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, si za kumalizia albamu. Usiichomekee pasi wala friji. Lightroom huandika mabadiliko yako kwenye katalogi, yaani daftari lake la kazi, muda wote, kwa hiyo mkato wa ghafla hautakupotezea ulichohariri dakika kumi zilizopita. Hatari yake ni kuiharibu katalogi yenyewe. Ikikuuliza wakati wa kufunga kama itengeneze nakala ya katalogi, usibonyeze kuruka. Iambie ndiyo, na nakala iende diski nyingine.

Kwa uniti: wati 150 kwa saa sita ni uniti 0.9. Laptop ya wati 50 kwa saa hizo hizo ni 0.3. Tofauti ipo, haifilisi. Na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi, usiliweke sanduku chini ya dirisha linaloelekea baharini, wala sakafuni penye vumbi la mazulia.

Siri, mwanangu, ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Umeuliza ipi ina siri zaidi, laptop inayopanda daladala au ya mezani sebuleni. Watu wakifikiria siri hufikiria mwizi. Mimi kwenye studio niliyofanya kazi nimeona picha zikitoka kwa njia ya fundi. Laptop inakufa, mtu anaipeleka nzima nzima pamoja na biharusi wote waliomo, inakaa dukani siku nne, na fundi ana vijana watatu wanaomsaidia. Ya mezani inakupa uwezo ambao laptop nyingi hazikupi kwa urahisi: unafungua ubavu, unatoa diski ya picha kwa mkono wako, unaiweka kabatini, ndipo sanduku linapelekwa. Mwambie fundi akufundishe siku ya kwanza. Ni nyaya mbili na pengine skrubu nne.

Watoto wa wifi wafungulie akaunti yao isiyo na ruhusa ya kitu, ya kwako iwe na neno la siri ambalo si tarehe ya harusi yako. Kompyuta za maofisi mara nyingi huja na Windows ya Pro, na ndani ya Pro mna BitLocker, kufuli la kufungia diski nzima. Ifungie diski ya ghala. Itakupa ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48. Uchape kwenye karatasi, uweke pamoja na cheti chako cha ndoa, kwa sababu ukiupoteza siku mashine itakapoudai, picha zimekwenda na hata mimi sitakusaidia. Angalia pia OneDrive, ghala la mtandaoni linalokuja na Windows, isiwe inapandisha folda yako ya picha kwenye intaneti bila ya wewe kujua. Mteja alikupa picha wewe. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje, nayo imefungwa kwa BitLocker, ikae kwa mama yako au popote pasipo nyumba hii. Moto na maji ya mvua havijui kusoma neno la siri.

Je, kuna hali ambayo ningekwambia laptop? Ipo. Ungekuwa unakwenda Pemba wiki nzima na mteja anataka picha zilizokamilika kabla hujapanda boti kurudi, au unaishi chumba kimoja na hakuna hata pembe ya kuweka meza, ningekubali. Hata hapo nisingekuelekeza kwenye ya gemu. Ningekutafutia MacBook Air ya M1 iliyotumika, yenye RAM GB 16, kwa sababu kioo chake kinafikia rangi pana kuliko sRGB, betri yake ni ya kweli, na haina hata feni. Lakini RAM na diski yake zimegandishwa humo, huongezi wala hutoi, na used lazima muuzaji atoe akaunti yake ya Apple mbele yako, usijekubeba kitu kilichofungwa kwa jina la mwengine. Kwa barua uliyoniandikia, wewe si mtu huyo.

Na kutembea bado utatembea, na laptop hii hii unayotaka kumpa kaka yako. Itie SSD ndani yake, bei yake si kubwa, utashangaa. Haitahariri albamu, lakini itanakili kadi za kamera usiku ule ule wa hina, itamwonyesha biharusi picha akiwa kwao, na Lightroom ina zile nakala nyepesi za pikseli 2560 kwa upande mrefu ambazo unaweza kuchagulia na kugusia rangi popote ulipo, kazi ikarudi kwenye ya mezani yenyewe ikiwa katalogi unaibeba kwenye diski ndogo ya nje.

Kwa hiyo zile laki mbili zikatae. Hesabu pekee ingetosha, lakini nina sababu nyingine. Ndani ya hiyo diski ya kuzunguka mna kila biharusi uliyempiga tangu uanze. Umefuta? Kufuta faili kwenye diski ya aina hiyo ni kufuta jina lake tu. Picha zinabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za bure za kuzirudisha zimejaa. Kaka yako namdhania kheri, ila ni mwanamme, na aliyetiwa hina hakumkaribisha. Zaidi ya hapo laptop ataiuza kwa mtu nisiyemjua mimi wala wewe. Ukishaweka SSD, hiyo diski ya zamani itoe, hamishia unachokihitaji kwenye ghala jipya, halafu mwambie fundi aiandike sifuri mwanzo hadi mwisho mbele yako. Asipojua, itoboe kwa msumari na nyundo uani.

Kaka yako akikasirika, mpe kazi: akutafutie sanduku la kusimama la i5 ya kizazi cha nane, Windows ya Pro, kwa bei ya ndugu.